Kijana Anastaafu

Mama Mikate huamka kabla ya jogoo wa jirani. Huwasha tanuri, hunawa mikono, kisha hukanda unga. Mume wake, Baba Mikate, huamka baada ya kuitwa mara mbili. Kazi yake ni kupakia mikate kwenye mkokoteni na kuipeleka mitaani. Wateja ndio waliowapa majina hayo. Wana binti mmoja tu, lakini ukisikia wanavyoitwa utadhani walizaa mkate.

Mkokoteni wao huvutwa na farasi. Farasi huyo anaitwa Kijana. Alipewa jina hilo siku aliyonunuliwa, na wakati huo lilimfaa. Alikuwa na mbio, ukaidi na tabia ya kuuma kofia za watu. Mwaka huo binti yao alikuwa anajifunza kutambaa. Sasa binti ameolewa, ana watoto wake, anaishi mji mwingine. Farasi bado anaitwa Kijana. Jina hilo ndilo lililowaponza, maana ukimwita mtu kijana kila siku, unasahau kuhesabu miaka yake.

Kijana anaijua njia kuliko bwana wake. Husimama kwa kinyozi, husimama zahanati, husimama kwenye nyumba yenye geti la kijani, bila kuambiwa. Baba Mikate huweza kupiga soga njia nzima, na ndivyo anavyofanya.

Lakini mwaka huu mambo yalibadilika. Kwenye mlima wa shule Kijana alianza kusimama katikati na kuhema. Mvi zilimjaa usoni. Mgongo ulibonyea. Mbavu zikaanza kuonekana. Akipewa majani, alitafuna kidogo, kisha akatema vidonge vyenye mate.

"Anaringa," alisema Baba Mikate. "Anachagua chakula kama mkwe aliyekuja kutembea."

"Haringi. Amezeeka," alijibu dada yake mkubwa. Dada huyo alikuwa anaishi nao, katika chumba kilicho jirani na tanuri, kwa sababu ya joto. Mama Mikate alimwita wifi, na mtaa mzima ukaiga. Wifi hakuwa na meno mengi. Mkate wake aliuchovya kwanza kwenye chai.

Siku moja ya Jumatatu akaja dalali wa mifugo. Alimzunguka Kijana, akamgonga ubavuni, akasema, "Huyu nitamchukua Jumamosi. Watu wa machimbo wanatafuta farasi."

"Akavute mawe?" aliuliza Mama Mikate.

"Mpaka atakaposhindwa."

"Akishindwa?"

Dalali akatazama viatu vyake. "Mama, mambo ya mbele tusiyaulize. Jumamosi nikija, mniambie ndiyo au hapana."

Dalali akaondoka. Kusema kweli, hakuna aliyetaka Kijana aende. Lakini mkokoteni usipotoka, mikate inalala. Na mikate ikilala, wao nao watalala njaa.

"Nyumba hii haiwezi kulisha asiyefanya kazi," Mama Mikate alisema mwishowe.

Wifi akatoa kichwa dirishani. "Wifi, hapo unamsema farasi au unanisema mimi?"

Mama Mikate alicheka, lakini macho yake hayakucheka.

Baba Mikate akakata shauri. Alitaka Kijana anenepe kabla ya Jumamosi, ili mkewe aone kwamba bado ana nguvu. Akaazima toroli la mkono, akaanza kusukuma mikate mwenyewe. Akamfungia Kijana bandani. "Pumzika, rafiki yangu," akamwambia. "Usitie mguu nje."

Kisha akampa chakula. Mwokaji akimpenda mtu, atampa nini kama si mkate? Asubuhi, mkewe akiwa kwenye tanuri, Baba Mikate alijaza ndoo mikate iliyolala, akaipeleka bandani. Ilikuwa laini, na Kijana aliila yote.

Alhamisi asubuhi Kijana hakugusa kitu. Alipiga ardhi kwa kwato. Aligeuza shingo akatazama tumbo lake. Alilala, akainuka, akalala tena akitaka kugaragara. Jasho lilimtoka, ingawa kulikuwa na baridi. Baba Mikate aliacha toroli katikati ya ua, akakimbia kumwita daktari wa mifugo bila hata kuvaa viatu.

Daktari alikuja na pikipiki. Alikuwa mwanamke mwenye sauti kubwa na mikono mifupi yenye nguvu. Aliweka sikio ubavuni mwa Kijana, kushoto, kisha kulia.

"Tumbo limemsokota," alisema. "Mmempa dawa yoyote?"

"Hapana."

"Vizuri. Msimpe. Mmempa chakula gani?"

Watu watatu wakatazama chini.

"Nauliza tena. Amekula nini?"

"Mkate," alisema Baba Mikate. "Ndoo moja kila asubuhi."

Mama Mikate akashtuka. "Asubuhi? Mimi nimekuwa nikimpa jioni!"

"Wewe? Si ulisema nyumba hii haiwezi kulisha..."

"Nilisema kwa mdomo tu!"

Wifi akakohoa. "Na mimi mchana nilimpa maganda ya mkate wangu. Siwezi kuyatafuna, na kutupa chakula ni dhambi."

Daktari akashika kiuno. "Kwa hiyo mmempenda nyote watatu kwa siri. Mngezidisha mapenzi kidogo tu, leo mngechimba kaburi."

Alimchoma Kijana sindano ya maumivu. Akampitishia mpira mwembamba puani hadi tumboni, akammiminia maji na mafuta. "Hiyo ni kazi yangu, msije mkaijaribu wenyewe," akaonya. Kisha akamwambia Baba Mikate amtembeze uani polepole. Wakazunguka, wakazunguka. Mama Mikate hakuoka siku hiyo. Alikaa kwenye ngazi ameshika aproni yake kwa mikono miwili. Aliogopa.

Saa sita mchana Kijana aliinua mkia, akatoa kinyesi.

"Hongereni!" Daktari akapiga kelele. "Tumbo limefunguka!"

Watu wazima wanne wakasimama kuzunguka lundo la kinyesi, wakitabasamu. Baba Mikate alitaka hata kumkumbatia Daktari, lakini mikono yake haikuwa safi.

Jumamosi Daktari alirudi, kwa sababu Kijana alikuwa amepata nguvu ya kukaguliwa kinywa. Alimdunga sindano ya kumtuliza. Akamfungua kinywa kwa chuma maalumu, Baba Mikate akishika tochi.

"Tazama pembeni. Meno ya farasi huendelea kuota taratibu kadiri yanavyosagika. Yakisagika vibaya, hubaki na ncha kali. Unaona kidonda hiki shavuni?"

"Naona."

"Kila akitafuna, anajikata. Ndiyo maana anatema majani."

Baba Mikate alishusha tochi. "Kumbe hakuwa anaringa. Na mimi nilimgombeza."

"Inua tochi, baba. Sioni."

Daktari alichukua tupa ndefu, akasugua zile ncha mpaka zikalainika. Alipokuwa anafanya hivyo, dalali akafika getini na kamba mkononi.

"Haya, wenzangu. Jibu?"

Baba Mikate alimtazama mkewe. Hapo ndipo Wifi alipozungumza, kutoka kwenye kigoda chake, akiwa na kikombe mkononi.

"Mimi nachovya mkate kwenye chai kwa sababu sina meno. Mlifikiria kuniuza machimboni?"

"Hapana, wifi," alisema Mama Mikate.

"Basi."

Mama Mikate akamgeukia dalali. "Hauzwi. Samahani kwa usumbufu." Dalali akakunja kamba yake, akaenda zake.

Lakini Mama Mikate ni mtu wa hesabu za kweli. Geti lilipofungwa tu, akauliza, "Sasa Daktari, hatumuuzi, sawa. Tufanyeje? Mlima hauwezi. Na mikate lazima ifike."

"Mstaafisheni," alisema Daktari.

"Si ndiyo nilivyofanya?" alisema Baba Mikate. "Nilimpumzisha kabisa."

"Ulimfunga. Farasi mzee akisimamishwa kazi ghafla na kufungiwa bandani, viungo vinakakamaa, tumbo linalala. Kustaafu kwake si kusimama. Ni kupunguza. Mwezi huu avute nusu ya mzigo, mitaa ya tambarare tu. Mlima wa shule upandeni na toroli. Baadaye atembee bila mzigo kabisa. Lakini kila siku atembee."

"Na chakula?"

"Katakata majani makavu, yaloweke kwenye maji mpaka yawe laini. Ongeza pumba kidogo. Mpe mara nne kwa siku, kidogo kidogo, na maji safi wakati wote. Mkate msimpe tena. Unachacha tumboni, na unaweza kumharibu hata kwato, akashindwa kusimama. Nitakuja kumtazama meno mara mbili kwa mwaka. Kwato zipunguzwe kila baada ya wiki sita au nane, hata kama hafanyi kazi. Watu wengi husahau hapo. Wanadhani mstaafu haoti kucha!"

Wifi akacheka mpaka chai ikamwagika.

"Kosa lenu kubwa si mkate," Daktari aliendelea. "Kosa ni kusubiri mpaka aanguke. Mngeanza kupanga zamani, alipokuwa bado anapanda mlima. Tafuteni farasi mwingine sasa. Kijana amfundishe njia. Halafu farasi hapendi upweke, kwa hiyo watafaana."

Kisha akapunguza sauti. "Kuna jambo la mwisho. Tuliseme leo, wakati mna akili tulivu. Iko siku hataweza kuinuka mwenyewe, au atakuwa na maumivu yasiyosikia dawa. Siku hiyo niiteni. Nitamlaza kwa sindano, bila kuumia. Huo si ukatili. Ukatili ni kumwacha ateseke kwa sababu ninyi hamtaki kuagana."

Baba Mikate alitoka, akaenda kusimama nje ya geti. Hakuna aliyemfuata. Aliporudi alisema, "Sawa, Daktari. Nitakuita."

Wakapanga. Jirani mmoja alikuwa na bustani ya mboga na kiwanja cha majani kisichotumika. Alihitaji samadi. Wakakubaliana: yeye apate samadi, Kijana apate malisho. Mikate iliyolala ikawa ya mfuga kuku mmoja, na malipo yake yakawekwa akiba ya Daktari. Baada ya miezi miwili walipata farasi jike, mwenye nguvu lakini mwoga. Wakamwita Mgeni.

Mgeni alivuta mkokoteni. Kijana alifungwa pembeni yake, bila mzigo, akatembea. Mwanzoni Mgeni alitaka kupita kila mlango. Kijana aliposimama kwa kinyozi, kamba ikamvuta Mgeni, naye akasimama. Zahanati, akasimama. Lori likapita kwa kishindo, Mgeni akatetemeka, akamtazama Kijana. Kijana alikuwa anasinzia. Mgeni naye akatulia. Wiki zikapita, mbavu za Kijana zikafunikwa na nyama, na manyoya yake yakaanza kung'aa.

Hatimaye Daktari akasema, "Mgeni ameshajua njia. Kesho mwacheni Kijana malishoni."

Asubuhi hiyo Baba Mikate aliamka bila kuitwa. Alipakia mikate taratibu mno, akapanga na kupangua.

"Atadhani tumemtupa," alisema.

"Nenda," alisema mkewe. "Mimi nitakaa naye."

Mkokoteni ukaondoka. Kijana alisikia magurudumu. Akainua masikio, akaja mpaka kwenye ua wa kiwanja, akalia mara moja, kwa sauti kubwa. Mgeni akajibu kutoka barabarani. Mama Mikate alishika nguzo ya ua, akangoja.

Kijana alisimama kidogo. Kisha akageuka, akairudia ndoo yake ya majani laini, akaendelea kula.

Mama Mikate alikimbia barabarani na aproni yake. Alimkuta mumewe kwa kinyozi, amesimama nyuma ya mkokoteni, anajifuta macho kwa gunia la mikate. Uso wake wote ulikuwa mweupe kwa unga.

"Anakula," alimwambia akihema.

"Anakula?"

"Alilia mara moja tu. Akarudi kula."

"Mara moja tu?" alisema Baba Mikate. "Miaka yote hii, mara moja tu?"

Akaanza kucheka huku machozi bado yanamtoka. Mkewe akamfuta unga usoni kwa pindo la aproni. Kinyozi akatoka mlangoni kuuliza kulikuwa na msiba gani.

"Hakuna msiba," alisema Baba Mikate, akampa mkate wake. "Tuna mstaafu nyumbani."