Msimulizi wa Jumamosi Saa Kumi

"Chukua elfu kumi yako, mama. Siitaki."

"Na mimi siitaki. Tulipatana."

"Tulipatana kodi elfu thelathini, na kila Jumamosi nikimsimulia Bibi picha ya televisheni unanipunguzia elfu tano. Jumamosi mbili zilizopita nilikuwa Kinyangiri, tunamzika baba mdogo. Nimerudi juzi. Sasa hiyo elfu kumi unipunguzie kwa kazi gani?"

Rukaiya aliitazama noti nyekundu juu ya meza kama mtu anavyomtazama nge. Miaka yote aliyopangisha vyumba pale mtaani Utemini amegombana na wapangaji wa kila namna: wanaokimbia usiku na godoro kichwani, wanaougua kila tarehe ya kodi. Anayegomba ili alipe zaidi hakuwahi kumwona. Mtu wa namna hiyo ana lake.

"Clement," alisema, "mama mkwe amenieleza picha zote mbili za Jumamosi hizo, mwanzo hadi mwisho. Kazitoa wapi?"

"Muulize yeye."

"Nimemuuliza. Anasema ulikaa pale kwenye kigoda ukamsimulia. Sauti yako anaijua."

Clement akacheka. "Basi labda mzimu wa kwenye picha umeshuka kujisimulia wenyewe." Alipoona mwenye nyumba hacheki, akaacha. "Mama, mimi sikuwepo. Nenda Kinyangiri ukaulize, utaambiwa hata nilikula nini."

"Unataka nini kwangu? Sema wazi."

"Nataka uniandikie risiti. Elfu thelathini."

Aliandikiwa. Lakini Rukaiya aliikosea tarehe mara mbili, na si kwa sababu ya kodi.

Bi Zabibu, mama mkwe wake, alikuwa haoni kwa mwaka wa pili sasa. Alichobakiwa nacho ni zile picha za kutisha za zamani, nyeusi na nyeupe, ambazo stesheni moja huzionyesha kila Jumamosi saa kumi za alasiri. Watu walimcheka: kipofu na televisheni wapi na wapi? Yeye aliwajibu, "Hizo hazina rangi. Kwa hiyo sikosi kitu." Alichohitaji ni mtu wa kumwambia nani kafungua mlango na nani kabebwa. Tena alitaka aambiwe kama hadithi za utotoni. Clement, kijana mtengeneza simu, alianza kwa kusema, "Hadithi, hadithi?" Bibi akaitika, "Hadithi njoo," kisha "enhe, enhe" hadi mwisho. Alijua fika kwamba hadithi hazisimuliwi mchana, utotoni alichapwa kwa kosa hilo. Alisema televisheni haina mama wa kuichapa.

Na kwa nini alikuwa haoni? Hapo ndipo palipomtisha Rukaiya. Mumewe, Kitwana, dereva wa malori ya vitunguu, alituma laki nne mama yake apasuliwe mtoto wa jicho. Rukaiya, ambaye sokoni wanamwita Mizani kwa jinsi asivyompunja mtu hata gramu, alizinunulia alizeti. Alisema azungushe mwezi mmoja tu, arudishe, na faida ibaki. Bei ikaanguka. Mvua ikaingia stoo, magunia yakaoza. Kilichopona akanunulia ile televisheni ya mtumba, kisha akamwambia mama mkwe kwamba daktari amesema macho yameshachelewa kutibika. Kitwana naye aliambiwa hivyo hivyo. Hakuna mtu mwingine aliyejua.

Sasa picha ya Jumamosi iliyopita, kama Bi Zabibu alivyoieleza huku akitabasamu, ilimhusu mwanamke aliyefungia macho ya mkwewe ndani ya magunia, magunia yakaota ukungu, macho yakafumba yenyewe. "Nzuri sana hiyo," alisema bibi. "Lakini mwisho wake kasema bado."

Picha gani ya Kizungu ina magunia? Rukaiya alijua moja tu: Clement kagundua, anamwonyesha kidogo kidogo, na ile elfu kumi ni njia ya kumwambia bei halisi inakuja.

Jumamosi iliyofuata akamtega. Alimwambia Clement leo hakuna kusimulia, na saa tisa na nusu akahakikisha ameondoka kwenda kibandani kwake stendi. Akafunga geti kwa kufuli, ufunguo akautia kifuani. Saa kumi kasoro umeme ukakatika mtaa mzima, friji ikanyamaza, na Rukaiya akapumua, maana bila umeme hakuna picha, na bila picha hakuna hadithi. Alikaa jikoni kuchambua mchele.

Kwanza ilikuja harufu. Alizeti iliyolowa, ile harufu nzito ya mashudu yaliyochacha, wakati stoo ilikwishaoshwa mwaka jana kwa dawa. Halafu akasikia kigoda kikiburutwa sebuleni.

"Hadithi, hadithi?" Sauti ya Clement.

"Hadithi njoo," akaitika Bi Zabibu.

Rukaiya akachukua simu akapiga. Ikaita mara mbili.

"Naam, mama," Clement akapokea, na nyuma yake kondakta anaita abiria wa Misigiri. "Nina mteja hapa, kuna nini?"

"Uko wapi?"

"Stendi. Mbona unanong'ona?"

Sikio moja lilikuwa na Clement wa stendi anayeuliza mbona unanong'ona na sikio la pili lilikuwa na Clement wa sebuleni anayesema kwa sauti ile ile, kwa kile kile kikohozi chake kidogo cha kabla ya neno, basi bibi, yule mwanamke sasa yuko jikoni, ameshika ungo, mchele umemwagika miguuni na yeye hajui, na simu iko sikioni lakini hasikilizi, anasikiliza huku, anajiuliza asogee au asisogee, na Rukaiya akatazama chini akaona mchele umetapakaa miguuni pake, na ile sauti ikasema, enhe, sasa ameuona.

Aliingia sebuleni akiwa na mwiko. Televisheni ilikuwa nyeusi. Kigoda kilikuwa mbele ya mama mkwe, kitupu, na zulia chini ya miguu ya kigoda limebonyea kama limebeba mtu mzito.

"Usimkatishe, Rukaiya," bibi alisema kwa upole. "Ndiyo amemaliza."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho wiki ile. Tangu jioni ile Bi Zabibu hakula, na ukimuuliza jambo lolote, maji, uji, choo, alijibu neno moja tu: "Enhe."

Jumatano akaitwa Nasri, fundi cherehani wa sokoni ambaye pia hutoa majini, mtu mfupi wa maneno machache. Alikuja na chetezo na ubani. Alisimama mlangoni, akanusa, akafunga ubani wake ndani ya karatasi.

"Simtoi huyu."

"Nimekulipa nauli, bwana."

"Nitakurudishia. Mvamizi ningemtoa. Huyu hakuvamia. Kaitwa mchana kweupe, kaambiwa njoo, kaja, kafanya kazi Jumamosi tatu. Huyu ana haki yake."

"Nimpe kuku? Ninao wa kienyeji, majogoo."

"Hadithi ya mchana hulipwa kwa hadithi. Tatu kwa tatu. Tena za kweli, za humu ndani. Mwenye nyumba ndiye hulipa."

"Na nisipolipa?"

Nasri akamtazama Bi Zabibu kitini. "Atachukua kwa aliyemwitikia. Ameshaanza."

Rukaiya alimsindikiza getini akiwaza: na huyu naye, Clement kampa kiasi gani?

Lakini ilipofika Ijumaa, ile "enhe" ilikuwa imepungua hadi pumzi tu. Mama mkwe yule ndiye aliyempokea akiwa mwali wa miaka kumi na tisa, ndiye aliyemfundisha kushika mizani. Jumamosi Rukaiya akamwita Nasri, akamwita na Clement ili awe mbele ya macho yake. Saa kumi wakakaa wote. Televisheni haikuwashwa. Kigoda wakakiacha kitupu.

Harufu ya alizeti ikaja.

"Hadithi, hadithi?" sauti ya Clement ikasema kutoka kwenye kigoda. Clement mwenyewe alisimama ukutani, amejiziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yanamtoka.

Rukaiya akaanza. Ya kwanza, jinsi alivyovunja bakuli la mkwewe wiki ya harusi akamsingizia paka. Kigoda kikalia, kikasogea nyuma shubiri moja. Nasri akaitikia kwa kichwa: imepokelewa. Ya pili, kwamba aliwahi kumfungia Kitwana nje usiku kucha kwa wivu wa mwanamke ambaye hakuwepo. Kigoda kikasogea tena. Harufu ikapungua. Upande wa Bi Zabibu kifua kikaanza kupanda na kushuka vizuri.

"Bado moja," Nasri akanong'ona. "Usisite."

Rukaiya akamtazama mama mkwe, uso ule uliotulia, macho yale meupe. Akamtazama Clement. Akaona njia ya katikati, na yeye si mtu wa njia za katikati, lakini akaishika: akaanza kusimulia jinsi siku moja sokoni mteja alivyomzidishia pesa naye akanyamaza, akaongeza hapa, akarefusha pale, akasema na mvua ilikuwa inanyesha siku hiyo na yule mteja alikuwa na mtoto mgongoni na mtoto alikuwa analia na hata jina la mtoto analikumbuka, akazidi kusema bila kupumua kwa sababu kigoda hakikusogea nyuma tena, kilikuwa kinasogea mbele, kidogo kidogo, hadi kikagusa magoti ya Bi Zabibu, na kanga begani mwa kizee ikabonyea, vidole vitano, kama mtu amemwekea mkono kumwambia sasa.

Bi Zabibu akageuza uso kuelekea pale alipokaa mkwewe. Alisema kwa sauti yake mwenyewe, si ya mtu mwingine.

"Hiyo sikudai. Nataka ya macho yangu. Laki nne. Simulia."