Rundo Lililonyooka

Mzee Kuramochi alikutwa kifudifudi kwenye mkeka wa maktaba yake, kisogo kimepasuliwa kwa jiwe la kukandamizia karatasi. Mkononi alikuwa bado ameshika wembe. Kando yake zilitapakaa picha alizozikata kutoka kitabu cha kale cha ngano cha Kijapani, cha enzi ya Meiji: sungura mwenye upanga, ajuza mwenye mkia.

Damu ilikuwa imekauka ikizunguka mraba msafi wa mkeka. Kitu kilikuwa pale ilipoanza kutiririka, kisha kikaondolewa. Pembeni, mahali pakavu, lilisimama rundo la vitabu vingine vya ngano. Cha chini kabisa kilikuwa na damu ukingoni.

Kituo cha polisi kilikwisha kumweka mahabusu mpwa wake, Teppei, ambaye kosa lake pekee lililothibitishwa lilikuwa kuwa mrithi. Inspekta Hatanaka hakuuamini ushahidi unaopatikana upesi namna hiyo. Alimleta Teppei nyumbani, akamwamuru apange vitabu vya rafuni. Teppei aliielekeza migongo yote upande mmoja. Upande wa migongo, ulioshonwa kwa uzi, ukavimba, rundo likaporomoka.

"Afande, mie madude haya nayachukia," alinung'unika. "Mjomba alinikataza hata kuyapumulia."

Rundo la pembeni lilikuwa limenyooka: mgongo huku, mgongo kule, kama wafanyavyo wauzaji wa vitabu vikuukuu wa mtaa wa Jimbocho.

Hatanaka alimwita Bi Isogai, aliyemuuzia marehemu vitabu hivyo, ati aje kuvikadiria bei. Bibi huyo alieleza kwamba hakuwa ameikanyaga nyumba ile tangu majira ya machipuko. Huku akieleza, mikono yake iliviokota vitabu alivyoviangusha Teppei na kuvipanga: mgongo huku, mgongo kule.

"Endelea," alisema Hatanaka. "Hivyo hivyo ulivyopanga vile vya pembeni."

Mikono ilisimama.

"Aliniahidi hatavitia wembe," Bi Isogai alisema. "Nilimuuzia kwa sharti hilo. Nikamkuta anavichinja, picha akaziuze kwenye fremu. Akanicheka. 'Dada, karatasi ni karatasi tu.'"

"Daktari anasema hakufa papo hapo."

"Alikuwa anakoroma."

"Na simu?"

"Ilikuwa karibu na goti langu."

Hatanaka, ambaye hakuwa na desturi ya kupaza sauti, aliipaza. "Basi kwa nini ulianza na vitabu?"

Bi Isogai alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto.

"Damu ilikuwa inavifikia."