Ujira wa Saa Moja

Prado nyeupe ilipita Kanazi kama inakimbia deni. Stellah Kokushubila, jasusi wa serikali, alikuwa nyuma yake kwa pikipiki ya Yamaha. Nyuma ya Stellah, Jovita Kyaruzi alimshika kiuno. Jovita hakuwa jasusi. Alikuwa mwanika dagaa kutoka visiwa vya Muleba, shahidi pekee aliyekubali kuja kutambua takwimu zilizoibwa.

Redio ikakoroma sikioni mwa Stellah. Alikuwa Rwegasira, mkuu wake.

"Uko wapi?"

"Kanazi, mzee. Namwona."

"Dodoma wanafunga takwimu saa sita kamili mchana. Una dakika arobaini."

Aliyekimbia ni Hendrik, jasusi wa kukodiwa na wanunuzi wa dagaa wa nje. Alikuwa ameiba kadi ya kumbukumbu yenye majibu ya wanawake mia mbili na kumi na wanne wa visiwani: wanafanya kazi saa ngapi, wanalipwa kiasi gani. Majibu hayo yalitakiwa kuingia kwenye mgawanyo wa ujira wa wanawake kwa saa, nchi nzima, na humo ndimo kima cha chini cha ujira kingetoka. Yakichezewa, Jovita na wenzake wangeendelea kulipwa kiduchu. Stellah roho ilimchoma.

Akaongeza moto. Akaipita Prado kwenye kona, akakata mbele yake.

Gari likaingia shambani, likalala kwenye migomba.

Bastola ya Glock ilikuwa tayari mkononi mwa Stellah.

"Shuka. Mikono juu."

Hendrik alishuka akitabasamu. "Kadi hii hapa, madam. Chukua."

Rahisi mno.

Stellah aliichomeka kwenye simu yake ya Samsung. Majina sahihi. Alama za vidole sahihi. Akasoma kwa sauti: "Jovita Kyaruzi. Kuanika dagaa. Saa 7 hadi saa 11. Shilingi elfu sita kwa siku."

Jovita akacheka.

"Saa saba ndiyo naanza? Waitu, jamani, saa saba mchana dagaa wangu nimeshawageuza mara mbili. Naanza saa moja asubuhi, naacha saa kumi na moja jioni."

Stellah akaelewa. Kadi ilikuwa bandia. Bwana huyu alitaka kuwaandikia saa nne za asubuhi tu, akazihesabu kwa saa ya kwao, inayoanza kuhesabiwa usiku wa manane. Saa kumi za kazi zikawa nne. Ujira wa mia sita kwa saa ukawa elfu moja na mia tano, na hakuna aliyeongezwa hata senti; Dodoma wangeona ujira unatosha.

"Vua viatu."

Tabasamu likafutika. Kadi halisi ilikuwa chini ya soli ya kushoto.

Saa tano na dakika hamsini Stellah aliichomeka kwenye simu, akazituma takwimu.

"Mzee, zinakuja."

"Zimefika," Rwegasira akajibu. "Polisi wako njiani."

Jovita alimsogelea Hendrik aliyekwishafungwa pingu.

"Siku zote mnasema kazi yetu haistahili zaidi ya mia sita. Kumbe mkono wako unaweza kuandika elfu moja na mia tano."

"Ule ulikuwa uongo tu, mama."

"Najua. Jumatatu tunadai uwe kweli. Wote mia mbili na kumi na wanne. Hatuaniki hata dagaa mmoja kabla ya hapo."

Polisi walipomchukua Hendrik, Stellah alivaa kofia, akawasha Yamaha, akamsubiri Jovita apande.