Mdogo Wangu Alihamia Nyumba ya Nesi

Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mbili, mkulima wa korosho katika kijiji kimoja upande wa Mpapura. Jina la kijiji silitaji, maana bado tunazikana.

Zahanati yetu ilikuwa na nesi mmoja, lakini hakuwa na pa kulala. Alipanga chumba Chikongola, mjini. Asubuhi alikuja kwa bodaboda, mchana akaondoka. Mwanamke akishikwa na uchungu jioni, shauri yake.

Tukaamua kumjengea nyumba. Wanakijiji tulifyatua tofali na kuinua boma, halmashauri ikaleta fedha za kuezeka na kumalizia. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya ujenzi. Siku ya kupiga bati wanawake walipiga vigelegele, na mimi... nilijifuta macho.

Kabla nesi hajahamia, mwenyekiti wa kijiji alimuoa Zainabu, mdogo wangu wa tumbo moja, akawa mke wake wa pili. Kibanda cha udongo alichomjengea kikaanguka kwa mvua, akamhamishia kwenye nyumba ya nesi.

"Kwa muda tu, shemeji," aliniambia. "Au unataka mdogo wako alowe?"



Kwenye mkutano wa kijiji, Bi Fatu, mkunga wetu wa jadi, aliuliza: "Jamani, siku hizi bibi harusi ndiye anayechoma sindano?" Watu wakacheka. Kisha wakanigeukia mimi, katibu. Nikasimama, nikasema jambo hilo tutalimaliza kifamilia. Nikakaa.

Hatukulimaliza. Nilipomgusia Zainabu, alilia. "Kaka, unanifukuza kwa ajili ya mgeni?"

Wakati huo binti yangu Somoe, aliyeolewa Mikindani, alikuwa na mimba ya kwanza. Kwetu mimba ya kwanza mtu huja kujifungulia kwa mama yake. Mumewe alinipigia simu: "Baba, huku hospitali ipo karibu. Naomba abaki." Nilimjibu kwa majivuno kwamba hata kwetu serikali imefika. Mwenyekiti alikuwa ameniahidi kuwa nyumba itakuwa wazi kabla Somoe hajajifungua. Nilimwamini... Si shemeji yangu?

Uchungu ulimshika alasiri. Nesi alikuwa ameshaondoka, na mvua ilikuwa imekata barabara bondeni. Nilimpigia simu, akasema bodaboda wote wamekataa kuja.

Mtoto alizaliwa mikononi mwa Bi Fatu, wa kiume, mzima. Lakini damu ya Somoe haikukoma... Zainabu alikuja mbio na shuka zake zote, akapiga magoti, tukaikandamiza damu pamoja. Mwanangu alikata roho kabla ya Isha.

Msibani mkwe wangu hakunitukana. Alisema tu, "Nilikuomba, baba."

Baada ya arobaini Zainabu alihama bila kuambiwa na mtu, nesi akaingia. Sasa kina mama wanajifungua salama. Kichanga kikilia kule, kwetu kinasikika, na mke wangu huinuka akaingia ndani.

Wewe unayesoma, kama umekabidhiwa kitu cha umma, usikipeleke kwenye vikao vya ukoo. Sema siku hiyo hiyo, mbele za watu, hata kama ndugu yako atakununia. Ndugu aliyenuna hurudi. Somoe wangu harudi.