Wizi wa Majaketi ya Safari ya Ziwani

Rafu zilikuwa tupu kabisa. Jana zilibeba majaketi ishirini ya kuokoa maisha, yale ya rangi ya chungwa ambayo abiria wa boti huvaa kifuani. Asubuhi hii zilibeba vumbi na mjusi mmoja, naye alionekana kushangaa kama watu wengine.

Inspekta alisimama mlangoni mwa stoo, mikono nyuma asije akagusa kitu. Alikuwa mwanamke mrefu, mwepesi wa hatua na mzito wa maneno. Wezi wa mji ule walimjua vizuri. Lakini kesi hii ilimgusa pabaya, maana boti iliyoibiwa majaketi ndiyo hiyohiyo aliyoikodi yeye.

Keshokutwa ilikuwa imchukue yeye, mumewe, watoto wao pacha na mama yake mzazi, iwatembeze visiwani katika ziwa kubwa ambalo ng'ambo yake haionekani. Viboko asubuhi, ndege mchana, mahema ufukweni jioni. Ilikuwa likizo yake ya kwanza tangu apandishwe cheo. Mwezi mzima nyumbani hapakuzungumzwa jambo jingine. Ramani ya ziwa ilibandikwa ukutani jikoni, na pacha walikwisha gombana mara chungu nzima juu ya nani atakaa mbele.

"Bila majaketi je?" aliuliza.

"Bila majaketi boti haing'oi nanga," alijibu mwenye kampuni. "Mkaguzi wa bandari kaja leo kukagua vifaa. Nikamfungulia mlango kwa mbwembwe, nikamwambia karibu ujionee. Akajionea."

Mwenye kampuni alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya tarumbeta. Wote walimwita Kapteni, ingawa boti iliendeshwa na mwingine na yeye mawimbi yalimtapisha.

Konstebo, kijana mtaratibu aliyefuatana na Inspekta kila mahali, alikuwa amechuchumaa mbele ya mlango. "Kufuli halijavunjwa, afande. Halina hata mkwaruzo."

"Funguo ziko ngapi?"

"Mbili tu," alisema Kapteni. "Mmoja wangu, haubanduki kiunoni. Mwingine anao mtunza stoo. Mimi siwezi kujiibia, kwa hiyo mwizi mnaye. Leo hii namfukuza kazi!"

"Usimhukumu mtu kabla ya askari," ilisema sauti kutoka ofisini.

Alikuwa dada yake Kapteni. Ndiye aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, na ndiye aliyepokea wateja, akawapangia visiwa na kuwahesabia mahema. Mtaa mzima ulimwita Dada Mkubwa. Alikuwa akimimina chai, na nusu yake iliishia kwenye kisahani.

"Yule kijana hana mkono mrefu," aliongeza.

"Dada, mwachie Inspekta kazi yake."

Inspekta aliingia ndani ya stoo. Sakafuni, kwenye vumbi, palikuwa na nyayo. Zilikuwa nyingi, zimekanyagana, zote ndogondogo. Nje, alama ya gurudumu moja ilielekea barabarani.

"Toroli," alisema Konstebo. "Hili ni genge, afande."

"Genge la watu wa miguu midogo."

Konstebo alinyanyua pua hewani kama anayetafuta kunakopikwa. "Husikii harufu, afande?"

"Petroli."

"Nyuma ya petroli. Dawa ya kuchua viungo. Kali hiyo, kama mtu kajipaka magoti yote mawili."

Inspekta alivuta pumzi. Akavuta tena. "Mimi sisikii kitu."

Konstebo akanyamaza, maana mkubwa akishasema hasikii, basi hapanuki. Lakini moyoni hakukubali.

*

Mtunza stoo alihojiwa kituoni. Alikuwa kijana wa maneno machache, na wenzake walimwita Kimya. Aliketi wima, kofia magotini.

"Jana ulifunga stoo?"

"Nilifunga."

"Majaketi yalikuwemo?"

"Yote."

"Ufunguo ulimpa mtu?"

"Sikumpa mtu."

"Ulipoondoka ulipitia wapi?"

"Nilikaa kwenye duka la jirani. Nilikunywa soda."

"Kutoka pale mlango wa stoo unaonekana. Ulimwona mgeni yeyote?"

"Mgeni sikumwona."

"Una hakika?"

"Mgeni, afande? Hapana. Mgeni sikumwona kabisa."

Neno hilo alilitua kwa uangalifu, kama mtu anayeweka yai juu ya meza ya kioo. Inspekta alimkazia macho. Kimya aliangalia kofia yake.

"Unamficha mtu."

"Nimejibu ulichoniuliza, afande."

Hakutoa jingine. Kwa kuwa ufunguo ulikuwa wake na maelezo hayakutosha, ikabidi ashikiliwe. Nje, mkewe aliketi kwenye benchi la kituo na mtoto mgongoni, akamwuliza kila askari aliyepita kama mumewe amekula. Inspekta alipita mbele yake akitazama pembeni. Kazi hii alikuwa ameifanya miaka mingi, lakini lile benchi hakulizoea.

*

Mchana alipitia nyumbani kula upesi. Mumewe alikuwa amewapeleka pacha kununua kofia za jua. Jikoni alimkuta mama yake akimenya viazi chini ya ramani ya ziwa.

"Umemkamata?" mama aliuliza bila kuinua kichwa.

"Bado."

"Mm."

Kabla hajaketi, Konstebo akabisha hodi, bahasha mkononi. "Majibu ya alama za vidole, afande. Kwenye rafu kuna watu sita au saba, na hakuna hata mmoja aliyemo kwenye kumbukumbu zetu. Hawajawahi kukamatwa hata kwa..."

Akakatika katikati ya sentensi. Pua yake ilikuwa ikicheza.

"Kwa nini?"

"Naomba nisiseme, afande."

"Sema."

"Ile harufu ya stoo." Alishusha sauti mpaka ikawa mnong'ono. "Iko hapa."

Inspekta alisimama kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Ndiyo maana hakuisikia! Asubuhi na jioni, mwaka baada ya mwaka, mama yake aliyachua magoti yake kwa dawa ileile. Mapazia yalinuka dawa, mito ilinuka dawa, bila shaka hata sare zake. Pua yake ilikwisha izoea kama sikio linavyozoea mlio wa saa ya ukutani.

"Nisubiri nje," alimwambia Konstebo.

Akavuta kiti, akaketi mbele ya mama yake.

"Mama, jana jioni ulikuwa wapi?"

"Unaniuliza kama mwanangu au kama askari?"

"Kama askari."

"Basi askari aondoe viwiko mezani, namenya viazi."

Inspekta akaondoa viwiko. "Ulikuwa wapi?"

"Kwa rafiki yangu."

"Rafiki gani?"

"Wa siku nyingi."

"Anafanya kazi wapi?"

Kisu kilisita. "Kwenye ofisi ya boti," alisema mama.

Dada Mkubwa! Inspekta alimwona tena Kimya na lile yai lake juu ya kioo. Mgeni sikumwona. Kweli tupu. Yule hakuwa mgeni, alikuwa mwenyeji kuliko kufuli lenyewe.

"Mama, mtunza stoo yuko mahabusu."

"Yuko wapi?"

"Mahabusu. Mkewe yuko nje kwenye benchi na mtoto."

Kiazi kilimtoka mama mkononi. "Mbona hakuna aliyeniambia kuna mtu amefungwa? Sisi tulijua mnauliza maswali tu!" Alikuwa tayari amesimama, anatafuta viatu. "Twende."

"Twende wapi?"

"Yaliko majaketi. Na Kapteni mpigie simu aje, maana nitasema mara moja tu."

*

Mama aliwaongoza mpaka hoteli moja ya ufukweni, iliyokuwa imefungwa kwa matengenezo. Mlinzi aliwafungulia geti akikwepa macho ya Inspekta. Nyuma ya jengo palisikika kipenga, kisha sauti ya mwanamke: "Miguu! Miguu! Hatupiki uji hapo!"

Wakazunguka kona.

Bwawa la kuogelea lilikuwa limejaa vikongwe. Watano walielea upande wa kina kirefu, kila mmoja na jaketi lake la rangi ya chungwa, wakipiga maji kwa miguu mpaka yakaruka kama mvua. Mmoja alikuwa ameinuliwa na jaketi mpaka masikioni, akicheka peke yake. Ukingoni alisimama mwalimu mstaafu wa michezo, mwanamke mkavu kama ufito, kipenga mdomoni. Kando yake Dada Mkubwa alikuwa akiwabembeleza watoke, toroli tayari, naye bado kavaa la kwake.

"Tokeni jamani, nirudishe vitu vya watu, kijana wangu atapata matatizo!"

"Dakika moja tu!" walijibu majini.

Konstebo aligeukia ukuta. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Kapteni alifika akihema, akasimama, akatazama. "Dada?!"

"Usinipigie kelele. Njoo hapa."

Akaenda. Sauti yake yote ya tarumbeta iliishia getini.

"Ufunguo ulitoka wapi?" aliuliza Inspekta.

"Kiunoni mwa suruali yake," alisema Dada Mkubwa. "Alikuwa akioga. Mtu haogi na suruali, na nguo zake nafua mimi. Nikaazima ufunguo, nikafungua, wenzangu wakabeba. Tulichukua yote kwa sababu mle ndani kuna giza, saizi hazikuonekana. Mimi kwa mwili huu nikikosea saizi nazama na jaketi lenyewe."

"Kimya alikuoneni?"

"Alituona. Akadhani naandaa vifaa vya safari. Na hata alipojua, asingenitaja. Nilimtafutia kazi mimi."

"Mngeomba!" alifoka Kapteni.

"Tuliomba." Dada Mkubwa aliweka mikono kiunoni. "Wiki iliyopita, mezani, nilikuomba majaketi saba. Ulisemaje?"

Kapteni alitazama viatu vyake.

"Sema mbele ya Inspekta."

"Nilisema... vikongwe kazi yao ni kulinda mizigo."

Kipenga kikalia. Labda mwalimu alikipuliza kwa bahati mbaya tu.

"Upande wa kina kifupi tulikwisha uweza," alieleza mwalimu. "Wiki nyingi tumefanya mazoezi. Huku kwenye kina kirefu hatukuthubutu bila majaketi. Leo jioni yangekuwa yamerudi stoo. Mkaguzi wa bandari ndiye aliyewahi."

Inspekta akamgeukia mama yake. Hilo ndilo swali alilokuwa akiliogopa tangu jikoni.

"Na wewe, Mama? Kwa nini hukuniambia mimi?"

Mama aliketi kwenye kiti cha plastiki, akayashika magoti yake.

"Siku ile tulipokwenda kupanga safari, mliniweka pembeni na soda. Kapteni akasema Bibi abaki ufukweni chini ya mwavuli, maji si mchezo. Wewe ukasema sawa. Ukasema mama atakaa na mizigo, na pacha wakichoka watarudi kwake. Hukunigeukia hata kuniuliza."

"Nilikuwa nakulinda."

"Najua. Wewe hata nyumbani ni askari." Alisema bila ukali. "Baba yako alikuwa fundi wa injini za meli. Kila akirudi alinisimulia visiwa. Maji yanavyobadilika rangi, samaki wanavyopita chini ya miguu yako. Kila mara alisema twende, nikasema maji naogopa, mwaka ujao. Mpaka akafa naitikia tu, kama mtu anayesimuliwa sinema na aliyeiona. Sasa magoti haya hayana miaka mingi. Nimechoka kusimuliwa. Nataka kushuka kwenye boti, niingie majini, nitazame mwenyewe. Basi. Hilo ndilo kosa langu, andika."

Bwawani wale watano walikuwa wametulia, vichwa tu juu ya maji, wakisubiri.

Inspekta alifuta macho kwa mgongo wa mkono. Kisha akafanya lililopasa: alimpigia mkuu wa kituo, akamweleza yote, kwa kuwa mshukiwa alikuwa mama yake na kesi haikuwa yake tena. Mkuu alicheka mpaka simu ikakwaruza, akasema uamuzi uko kwa mlalamikaji.

Wote wakamtazama mlalamikaji.

"Sina malalamiko," alisema Kapteni. "Majaketi wayatumie mpaka kesho jioni."

"Na kijana?" aliuliza dada yake.

"Naenda kumtoa mwenyewe."

"Na?"

"Na kumwomba radhi."

"Mbele ya mkewe?"

"Mbele ya mkewe, Dada." Akaondoka mbio kuliko alivyokuja.

Konstebo alisogea, bado macho yana machozi ya kicheko. "Afande, kwenye jalada niandikeje?"

"Andika vielelezo vimepatikana, vikiwa vinatumika."

Mama alikuwa amekwisha vua gauni lake la juu. Ndani, kwa ajili ya mazoezi ya siku ile, alivaa vazi jipya la kuogelea, la maua makubwa, ambalo binti yake hakuwahi kuliona. Akakataa jaketi kwa mkono. Akashuka ngazi upande wa kina kifupi, polepole, akavuta pumzi, akajilaza juu ya maji. Alikwenda kama beseni linalosukumwa na upepo, miguu ikipiga, kidevu juu. Inspekta alimfuata ukingoni hatua kwa hatua, mikono mbele, tayari kumdaka. Katikati ya bwawa akajiona alivyo, akaishusha mikono.

Mama aligusa ukuta wa pili. Vikongwe wakapiga makofi juu ya maji, wakalowana upya. Mwalimu alipuliza kipenga mpaka mlinzi akaja mbio.

"Safi sana!" Kisha mwalimu akageuka. "Na wewe, Inspekta? Umepanga safari nzima ya ziwani. Unajua kuogelea?"

Inspekta alitazama maji, akamtazama Konstebo, na Konstebo akatazama mawingu.

"Jibu swali," alisema mama yake kutoka majini. "Ndiyo au hapana."

Inspekta, ambaye alikuwa amesikia watu wakikiri kila aina ya makosa, alikohoa.

"Hapana," alikiri. "Sikuwahi kujifunza. Naogopa."

Mama alicheka, akajisukuma mpaka ukingoni, akamnyooshea mkono uliolowa.

"Ingia, mwanangu. Nitakushika."