Mende wa Siku ya Saba

Maabara yote ilinuka dawa ya kuchua ya marehemu mama yake Peirong, na harufu ilitoka kwenye kichupa cha miguu ya mende iliyosagwa.

Mwalimu Qiu aliziba pua. "Peirong, nilikuambia unisomee DNA ya mitokondria ya mende, ile inayorithiwa kwa mama tu. Mbona umeniletea ya binadamu? Umepiga chafya humu?"

"Hapana, Mwalimu. Nimerudia, inatoka hivyohivyo."

"Basi linganisha na yako, uuone uchafu wako."

Akalinganisha. Zilikuwa sawasawa, herufi kwa herufi. Peirong akasogea mbali na kile kichupa.

Peirong alimkamata mende yule nyumbani siku ya saba ya msiba wa mama yake, siku ambayo marehemu hurudi kuwaaga wanawe, na mdudu anayeingia ndani haguswi. Mende alikaa juu ya bakuli la wali aliotengewa marehemu, mnene, anateleza mafuta, jamii ileile Peirong aliyoitafuta mwaka mzima ili amalize masomo. Mama mdogo alimshika mkono. "Wee mtoto, muache! Huyo si mdudu!" Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila hapa guu lililong'olewa lilikuwa la mende, na aliyang'oa yote.

Sasa akampigia simu mama mdogo. "Nimemsaga mama," akanong'ona.

"Kiwiliwili kipo?" mama mdogo akauliza.

"Kipo, kwenye spiriti."

"Kilete tukizike, mwanangu. Asipozikwa hatakuwa na pa kwenda, atabaki kwako."

Peirong akafungua chupa, simu ikiwa bado sikioni. Kiwiliwili kile kisicho na miguu kilikuwa kinapumua, na nyuma yake kilikuwa kimesukuma nje kifuko cha mayai, ambacho kilipasuka mbele ya macho yake kikamwaga vitoto vyeupe, vyororo, vyenye utelezi wa usaha, navyo vikamparamia vidoleni, vikaingia mkononi mwa koti, vikapita kwapani penye jasho, vikatokea shingoni, hata kimoja kikafika mdomoni na kuanza kumpapasa midomo polepole, kama mama anayempangusa mtoto uji.

Alinyanyua kofi. Likabaki hewani. Alichokisomea kilimwambia wazi kwamba mama huwarithisha wanawe wote sawasawa, hata hivi vinavyomtambaa.

"Umeshamtoa?" mama mdogo aliuliza. "Kaburi tunalichimba."

Peirong alijibu bila kufungua midomo sana, asije akammeza yule wa mdomoni.

"Mama mdogo, tumzike yupi?"