Kibanio cha Mama Mdogo Lesia

"Dada yako ametutupa, Nadia! Jana pirogi mia sita ziko mezani, yeye huyoo, kavua aproni kaenda zake!"

"Muulize aliyemkimbiza, Halya. Usiniulize mimi."

"Nani kamkimbiza? Utani wa Orest? Yule hutania hata nguzo ya umeme!"

Mama na Bi Halya, jirani yetu, walisimama kila mmoja upande wake wa uzio na koleo lake la theluji. Mimi nilikuwa kwenye ngazi, kiatu kimoja mguuni, nikisikiliza. Katika mtaa wetu hapa Winnipeg hakuna habari inayonipita mimi, Darka. Lakini asubuhi ile nilitamani niwe kiziwi.

Bi Halya ndiye mwenyekiti wa chama chetu cha kusaidia wasiojiweza. Kila Alhamisi wanawake hukutana katika ukumbi ulio chini ya kanisa, wakajaza viazi kwenye vipande vya unga uliokandwa na kufinya pirogi za kuuza. Halafu watu huondoka wawili wawili na gari la chama kuwapelekea wazee chakula. Ukutani kuna kamba yenye vibanio vya nguo, kila kimoja kimeandikwa jina. Wenye vibanio vinavyokaa pamoja ndio wenza wa siku hiyo.

Kibanio cha mama mdogo Lesia kilikuwa hakitulii. Kikiwekwa karibu na cha Orest, dereva wetu mzee, baada ya dakika mbili kimehama. Siku moja Orest aliniita, akanipa chokoleti.

"Darka, mama yako mdogo mvivu wa safari. Nirudishie kibanio chake hapa, mjukuu wangu."

Nikarudisha. Wiki tatu nilirudisha, huku najiona mjanja. Orest alipomshika mama mdogo kiuno mbele ya watu na kusema unga umemkaa vizuri, wanawake walicheka. Mimi nikacheka kuwashinda.

Jana, Alhamisi ya nne, mama mdogo alinikuta na kibanio mkononi.

"Kumbe ni wewe?" alisema. Hakunigombeza. Alivua aproni tu.

Sasa pale kwenye ngazi uso uliniwaka.

"Mama, ni mimi," nilisema. Nikatapika yote: chokoleti, kibanio, kicheko. "Mama mdogo hakuwa mvivu. Alikuwa anamkwepa Orest."

Koleo la Bi Halya lilishuka polepole.

"Lesia alinijia tangu kiangazi," alisema, macho chini. "Aliniambia Orest humshikashika garini. Nikamwambia amzoee, ndivyo alivyo."

"Ukamrudisha garini?" Mama aliuliza.

"Niliogopa tutakosa dereva."

Bi Halya aliacha theluji yake nusu, akaenda ukumbini. Nilimfuata nyuma, nikamkuta Orest, aliyekuja kuchukua gari la chama, anacheka.

"Halya! Miaka yote hii, kwa utani tu?"

"Lesia alikwambia uache mara ngapi? Lete ufunguo."

Orest alisimamishwa siku hiyo hiyo. Wanawake wawili wa nje ya chama, wasio na undugu na yeyote, walimsikiliza Lesia, wakamsikiliza Orest, hata mimi wakaniuliza. Walipomaliza, Orest aliondolewa kabisa. Namba ya simu ya mmoja wao ikabandikwa ukutani, ili mwenye shida asilazimike kupitia kwa mwenyekiti. Na kibanio cha mtu sasa hakiguswi ila na mwenyewe.

Jumapili moja baada ya hapo, mama mdogo akiwa kwetu, Bi Halya alibisha hodi. Yeye haji kwa mtu bila sufuria ya chakula, lakini siku hiyo alikuja mikono mitupu.

"Lesia, ulinieleza nikalifunika jambo. Nisamehe."

"Sijui kama nitarudi ukumbini, Bi Halya."

"Sikuja kukurudisha."

Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya mlango wa jikoni. Mama mdogo aliniita.

"Darka, aliyekosa ni mtu mzima aliyekutuma. Ila sikia: ukimwona mtu anasogea kila anaposogelewa, usicheke. Muulize kuna nini. Halafu kamwambie mkubwa, na mkubwa wa kwanza asipokusikiliza, nenda kwa wa pili."

"Wa kwanza nilikuwa mimi," Bi Halya alisema kwa sauti ndogo, akageuka kuondoka.

Mama mdogo alivuta kiti.

"Unakwenda wapi na baridi hii? Ingia, supu inapoa. Darka, mletee Bi Halya bakuli."